Mapigo 58: mama aliyeambiwa kipimo chake cha ANA ni hasi

Mkunga alihesabu mara tatu. Ilikuwa asubuhi kwenye kliniki ya wajawazito ya kituo cha afya, foleni imejaa benchi zote, na mama aliyelala kitandani alikuwa na mimba ya wiki 24. Mkunga aliweka tumboni Pinard, kile kifaa kama tarumbeta cha kusikilizia moyo wa mtoto, akatazama saa, akahesabu dakika nzima: 60. Moyo wa mtoto wa umri huo hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Mkunga mzoefu akipata namba kama hiyo hushuku kwanza kwamba anasikia mshipa wa mama. Kwa hiyo alimshika mama kifundo cha mkono huku sikio lake likiwa bado kwenye Pinard. Mkononi alihesabu 84, tumboni 60. Ile ilikuwa mioyo miwili, na wa pili ulikuwa unakwenda polepole mno.

"Mama, umewahi kuambiwa una shida ya moyo?"

"Hapana, sista. Mimi shida yangu ni viungo tu."

Siku hiyo hiyo aliandikiwa rufaa. Mimi nilimkuta kwenye hospitali ya rufaa kesho yake. Naandika kisa chake kwa ruhusa yake. Umri, mahali na mambo mengine madogo nimeyabadilisha, na vipande vichache nimevichukua kwa wagonjwa wengine wa aina yake, asije akatambulika.

Alikuwa na miaka 31, na binti wa miaka 5, mzima kabisa. Miaka mitatu kabla ya mimba hii, vidole vilianza kumuuma na kukakamaa asubuhi, mpaka jua lipande ndipo aweze kukunja ngumi. Alitibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akatibiwa malaria tena. Baadaye alipimwa kipimo cha damu cha baridi yabisi, yaani rumatoidi fakta, kikatoka chanya. Akaambiwa ana baridi yabisi, akapewa vidonge vya maumivu. Mwaka uliofuata alitoka upele shingoni na mikononi kila alipokaa juani, na daktari mmoja makini akashuku lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Akaagiza ANA, kipimo cha damu cha kuutafuta. Jibu likarudi neno moja: hasi. Akaambiwa, "Shukuru Mungu, huna lupus," na habari ya kutafuta ikaishia hapo.

Kuna mambo mawili ambayo hayakuwamo katika faili lake lolote, nayo niliyapata kwa kukaa naye tu na kuuliza. Macho yake yalikuwa yakimwasha kama yana mchanga, na alikuwa akinunua dawa ya matone dukani kila mwezi. Na ugali hakuweza kuumeza bila kikombe cha maji pembeni. Katika miaka miwili alikuwa ameng'olewa meno matatu. Macho alikuwa ameyalalamikia kwa daktari wa macho, meno kwa daktari wa meno, viungo kwenye zahanati, upele kwenye duka la dawa. Kila mmoja alitibu kipande chake. Hakuna aliyekosea kazi yake, lakini mtu mzima hakuwahi kukaa mbele ya mtu mmoja akasikilizwa kuanzia kichwani hadi miguuni.

Karatasi mbili za maabara

Karatasi ya kwanza ilisema rumatoidi fakta chanya. Kingamwili hii ya ajabu iligunduliwa na Erik Waaler, daktari wa Norwei, mwaka 1940. Kwa kawaida kingamwili hutengenezwa ili kunasa kijidudu. Hii hunasa mkia wa kingamwili nyingine za mwili huo huo. Kwenye baridi yabisi halisi huonekana kwa wagonjwa kama 70 hadi 80 kati ya 100, ndiyo maana ikapewa jina hilo. Jina lenyewe ndilo linalopotosha, kwa sababu huonekana pia kwenye kifua kikuu, ukoma, homa ya ini aina ya C, kwa wazee wasio na ugonjwa wowote, na kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wa maradhi mengine ambayo nitayafikia.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Malaria na maambukizi ya muda mrefu huzichochea seli za kinga zitoe kingamwili za kila namna, zikiwemo zinazougusa mwili wenyewe. Mwaka 1968, Brian Greenwood, akiwa Ibadan, Nigeria, aliandika katika jarida la Lancet kwamba baridi yabisi na lupus zilikuwa adimu katika wodi zake, akauliza kama maambukizi ya vimelea ndiyo yanayozuia. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake walionyesha kwamba panya waliozaliwa na mwelekeo wa kupata ugonjwa wa kinga walikingika walipoambukizwa malaria ya panya. Yaani mtu anaweza kuwa na kingamwili hizi kwa sababu ya malaria bila kuwa na ugonjwa wa viungo. Mama wetu alikuwa na maumivu ya kweli, lakini picha ya eksirei ya mikono yake haikuonyesha mfupa uliolika hata baada ya miaka mitatu, na kipimo kilicho makini zaidi cha baridi yabisi, kingamwili dhidi ya CCP, kilikuwa hasi. Hakuwa na baridi yabisi.

Karatasi ya pili, ile ya ANA, ndiyo iliyonikosesha usingizi.

ANA ni kingamwili zinazokishika kiini cha seli. Njia ya kawaida ya kuzitafuta ni kuchukua kioo kilichopakwa seli za binadamu zinazoitwa HEp-2, kumwagia majimaji ya damu ya mgonjwa, kuongeza rangi inayong'aa, kisha kutazama kwa hadubini kama viini vinawaka. (Seli hizo za HEp-2 ziliaminika kwa miaka mingi kuwa zimetoka kwenye saratani ya koo ya mtu mwingine. Uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha ni seli za HeLa zilizoingilia, zile zilizochukuliwa mwaka 1951 Baltimore kutoka kwa Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, bila ya yeye kuulizwa. Kila ninaposoma jibu la ANA huwa namkumbuka.) Damu huchanganywa na maji kidogo kidogo hadi mwanga upotee: 1:40, 1:80, 1:160 na kuendelea. Kwenye utafiti uliojumuisha maabara za nchi kadhaa, uliochapishwa mwaka 1997, watu wazima wasio na ugonjwa kama 30 kati ya 100 waling'aa kwa 1:40, na 5 kati ya 100 waling'aa hata kwa 1:160. Kwa hiyo ANA chanya peke yake haimpi mtu ugonjwa.

ANA hasi, kwa upande wake, huaminiwa sana, na kwa haki. Wagonjwa wa lupus zaidi ya 95 kati ya 100 wana ANA, na vigezo vya kimataifa vya mwaka 2019 vimeifanya ANA ya 1:80 kuwa ndiyo mlango wa kuingilia. Daktari aliyemwambia mama huyu hana lupus alikuwa sahihi kwa swali alilouliza, na hata leo hana lupus. Shida ni kwamba jibu la swali moja lilichukuliwa kuwa jibu la maswali yote.

Kuna kingamwili moja inayoteleza kwenye kipimo hiki, inaitwa Ro. Protini inayolengwa na Ro huyeyuka kwa urahisi. Kioo kikiandaliwa kwa dawa fulani, protini hiyo huoshwa ikapotea, na damu iliyojaa kingamwili za Ro haitapata cha kushika. Aina yake nyingine, Ro52, hukaa zaidi nje ya kiini, na msomaji wa kioo anayetazama viini tu ataandika "hasi" kwa nia njema. Maabara nyingine hazitumii kioo kabisa, hutumia mashine yenye orodha yake ya protini. Karatasi ya mama huyu haikusema ni njia gani iliyotumika wala damu ilichanganywa kwa kiasi gani. Ilisema hasi. Nasema haya nikimaanisha: jibu la ANA lisilotaja njia na kiwango halijakamilika, na daktari ana haki ya kupiga simu maabara kuuliza.

Herufi mbili za jina la mgonjwa

Ro ilielezwa mwaka 1969 na Clark, Reichlin na Tomasi nchini Marekani. Jina si kifupisho cha neno la kisayansi. Ni herufi mbili za jina la mgonjwa ambaye damu yake ilitumika. Vivyo hivyo kingamwili nyingine mbili: La, na Sm ya lupus, ambayo Tan na Kunkel waliieleza mwaka 1966. Watafiti wengine baadaye waliita Ro na La hizo hizo SS-A na SS-B, na ilichukua miaka kadhaa kutambua kwamba walikuwa wakizungumzia kitu kimoja. Kwa hiyo ukiona anti-Ro kwenye karatasi moja na anti-SSA kwenye nyingine, usidhani mgonjwa ana vitu viwili.

Sampuli yake ilisafirishwa nje ya nchi. Tulisubiri siku 12. Anti-Ro ilikuwa juu sana, anti-La chanya, kingamwili dhidi ya DNA hasi, na mkojo haukuwa na protini. Wakati tunasubiri tulimfanyia kipimo cha Schirmer, kikaratasi cha kuchuja kinachoning'inizwa kwenye kope la chini kwa dakika 5. Machozi yakilowesha milimita 5 au chini ya hapo, jicho ni kavu. Yake yalilowesha 2 upande wa kulia na 3 kushoto.

Alikuwa na ugonjwa wa Sjögren, uliopewa jina la Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Sweden aliyeuandikia tasnifu mwaka 1933. Kinga hushambulia tezi za machozi na mate, na mara nyingi viungo na ngozi pia. Huu ndio ugonjwa niliosema zaidi ya nusu ya wagonjwa wake wana rumatoidi fakta. Karatasi ya kwanza ilikuwa imesema kweli, ila tuliisoma vibaya.

Njia ya pepopunda

Lakini mama hakuja kwa ajili ya macho. Eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti ya moyo wa mtoto, ilionyesha vyumba vya juu vikipiga 142 kwa dakika na vya chini 58, kila kimoja kikienda kivyake. Umeme wa moyo huanzia juu na kushuka chini kupitia kifundo kimoja kidogo katikati. Kwa mtoto huyu njia ile ilikuwa imekatika kabisa. Umbo la moyo lilikuwa zuri, na maji hayakuwa yamejaa mwilini.

Niliwaeleza mama, mumewe na mama mkwe kwa mfano wa chanjo. Mjamzito huchomwa sindano ya pepopunda kliniki, na mtoto anazaliwa akiwa na kinga ambayo yeye mwenyewe hajaitengeneza. Inafikaje? Kondo lina mlango maalumu wa kuvusha kingamwili za mama, unaoanza kazi taratibu baada ya mwezi wa tatu na kuongeza kasi kadiri mimba inavyokua. Mlango huo hauchagui. Kingamwili ya pepopunda inapita, na Ro inapita pia.

Ikifika kwa mtoto, kinachofuata bado kinajadiliwa. Katika ukuaji wa moyo seli nyingi hufa kwa utaratibu, na zikifa huitoa protini ya Ro juu ya ngozi yao. Kingamwili huishika hapo, seli walaji huja na hasira badala ya kusafisha kimya kimya, na mahali pa kifundo cha umeme panabaki kovu. Wengine wanaona kingamwili huziba moja kwa moja milango ya kalisi kwenye seli za moyo. Huenda yote mawili hutokea. Madhara huanza kuonekana kati ya wiki ya 16 na ya 26, na moyo wa mama mwenyewe, unaooga kwenye kingamwili hizo hizo kila siku, kwa kawaida hauna neno.

Mama mkwe alikuwa amenyamaza muda wote. Akauliza swali ambalo wanafunzi wangu wa udaktari hawaliulizi: "Daktari, mbona yule wa kwanza alitoka salama?"

Kwa sababu wengi hutoka salama. Kati ya mimba 100 za kina mama wenye Ro, njia ya umeme wa moyo huzibika kwa 1 au 2 tu. Huenda mama huyu alikuwa na Ro tangu mimba ya kwanza, kabla hata kidole hakijauma. Tunajua hilo linawezekana kwa sababu jeshi la Marekani huhifadhi damu za askari wake, na mwaka 2003 ulichapishwa uchunguzi wa damu za zamani za watu 130 waliokuja kupata lupus. Kati yao 115 walikuwa na angalau kingamwili moja kabla ya ugonjwa kutambuliwa, wengine zaidi ya miaka 9 kabla, na Ro ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia. Kingamwili zinaweza kukaa kimya kwa mtu anayelima, anayezaa na kunyonyesha, bila dalili hata moja. Kina mama wengi hujua wana Ro siku mtoto anapopatikana na mapigo ya chini.

Mama aliuliza kwa sauti ndogo kama damu yake ndiyo iliyomdhuru mwanawe. Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia kingamwili zimetoka kwake, kama vile kinga ya pepopunda na ya surua zinavyotoka kwake, na kwamba hakuna chakula alichokula, kazi aliyofanya wala dua aliyoacha iliyosababisha. Mumewe alimshika bega. Tukakaa hivyo kidogo kabla ya kuendelea.

Dawa tuliyoamua kutotoa

Katika timu yetu kulikuwa na mvutano juu ya deksamethasoni. Steroidi hii, tofauti na prednisoloni ambayo kondo huivunjavunja, humfikia mtoto. Imetumiwa duniani kwa miaka mingi kwa matumaini ya kuyeyusha uvimbe kabla haujawa kovu. Lakini njia ikishakatika kabisa haijaonyeshwa kuwa dawa hiyo huiunganisha tena, na gharama yake ni mtoto kudumaa, maji ya uzazi kupungua, na sukari na presha ya mama kupanda. Mtoto huyu alikuwa na 58 bila maji mwilini. Tuliacha. Bado naamini tulifanya vyema, ingawa mwenzangu mmoja ninayemheshimu angeamua kinyume.

Tulipima eko kila wiki tukichunguza mambo mawili: mapigo yasishuke chini ya 55, na maji yasijikusanye kwenye kifua na tumbo la mtoto. Hayo ndiyo yanayoua. Kwa jumla mtoto 1 kati ya 5 wenye tatizo hili hufariki, zaidi tumboni au miezi ya mwanzo, na kati ya wanaobaki wengi huhitaji betri ya moyo. Nauli ya kila wiki ilikuwa mzigo. Kuanzia wiki ya 30 mama alihamia kwa shangazi yake karibu na hospitali.

Alijifungua kwa upasuaji wiki ya 37, kwa kuwa mtoto ambaye moyo wake haubadiliki kutoka 58 hatakuonyesha kwa mapigo kwamba amechoka na uchungu. Ni wa kiume, kilo 2.45, alilia mara moja. Alipofika wiki tatu alitoka upele wa mviringo kuzunguka macho, kama amevaa miwani. Ni kingamwili zile zile, na upele huo tulijua utaisha wenyewe. Katika wiki ya tano alianza kutokwa jasho akinyonya na kuachia ziwa kabla hajashiba, mapigo yakashuka hadi 47. Akawekewa betri: kwa mtoto mdogo hivyo nyaya hushonwa juu ya moyo kwa nje, na betri yenyewe hufichwa chini ya misuli ya tumbo. Siku ya pili alinyonya mpaka akalala.

Miezi saba baadaye upele ulikuwa umetoweka bila kovu. Anti-Ro katika damu yake haikuonekana tena, maana kingamwili za mama zilikuwa zimekwisha kama zinavyokwisha zile za chanjo. Umeme wa moyo haukurudi. Betri ataishi nayo, ikibadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na familia ilihitaji kuambiwa hilo mapema, pamoja na habari za bima.

Mimba ijayo

Walitaka mtoto wa tatu, na walikuwa na haki ya kupewa namba. Kwa mama ambaye tayari amepata mtoto mwenye tatizo hili, uwezekano wa kurudi hupanda kutoka 1 au 2 hadi kama 18 kati ya 100. Kuna dawa moja yenye ushahidi wa kuupunguza, haidroksiklorokwini. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa kina mama 54 wa aina hii waliotumia miligramu 400 kwa siku kuanzia kabla ya wiki ya 10 ya mimba: tatizo lilirudi kwa 7.4 kati ya 100.

Jina la dawa lilimshtua. "Si ile klorokwini ya malaria, iliyokuwa ikituwasha?" Watu wa rika lake wanakumbuka vizuri, Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na mwasho wake haujasahaulika. Hii ni ndugu yake, mwasho unaweza kutokea lakini si kwa kila mtu, na inaruhusiwa katika mimba na kunyonyesha. Ilimfaa pia kwa viungo na upele. Tulimpima macho kabla ya kuanza, kwa sababu ikitumika miaka mingi inaweza kugusa retina, na tukazingatia uzito wake, dozi isizidi miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku.

Akishika mimba, atasikilizwa kuanzia wiki ya 16. Nchini Marekani kina mama wenye Ro wamefundishwa kumsikiliza mtoto nyumbani kwa kidopla cha mkononi, kifaa kidogo cha kusikilizia moyo wake, mara mbili tatu kwa siku, kwa sababu kutoka moyo mzima hadi moyo uliozibika yanaweza kupita masaa tu. Pinard ya mkunga wetu ilifanya kazi yake yote, lakini ilisikia jambo lililokwisha kutokea.

Wiki mbili zilizopita mama alikuja na mtoto mgongoni na binti mkononi. Aliomba nakala ya pili ya jibu la Ro. Ya kwanza ameibandika ndani ya jalada la kadi ya kliniki. Hii ya pili anampelekea mdogo wake wa kike, ana mimba ya wiki 12, na macho yake, anasema, yanawasha kama yana mchanga.